Kitivo Kimoja, Kikiwa Kizima

Haya aliniambia wifi yangu, mjane wa kaka yangu, mwezi ule alipopata wajukuu wawili kwa mpigo. Tulikuwa tumekaa uani mchana tunakunja nepi, mimi nakunja tatu yeye moja, maana wifi husimulia kwa mikono. Kipande cha mwisho hakukiona kwa macho yake. Alikipata kwa simu kutoka kwa katibu muhtasi wa pale kazini kwake, na binti yule si mtu wa kuongeza chumvi. Akiongeza, anasema mwenyewe.

Basi, Jumatatu moja asubuhi tangazo lilibandikwa kwenye milango yote ya Kitivo cha Uhasibu cha chuo kikuu, mpaka mlango wa choo. Lilisema hivi:

"Inatangazwa, kwa furaha iliyoidhinishwa, kwamba Kitivo kitaadhimisha kuzaliwa kwake. Historia na Dhima ya Kitivo zitachongwa kwenye jiwe na kuzinduliwa na Mgeni Rasmi siku ya Alhamisi wiki ijayo. Tarehe ya kuzaliwa itatajwa itakapojulikana. Wafanyakazi wote wanaagizwa kufurahi kuanzia saa nne kamili asubuhi. Ni marufuku kufurahi kabla ya muda."

Chini kulikuwa na mihuri mitatu, wa pili umepigwa juu ya wa kwanza ili kuuthibitisha, na wa tatu juu ya wa pili kwa usalama zaidi.

Wifi yangu alilisoma tangazo lile akiwa ameshika fagio. Yeye ndiye aliyekuwa mhudumu wa Kitivo. Kila asubuhi alifungua milango kumi na minane, akadeki, akapanga viti, akachemsha chai. Kwa ule mzigo wa funguo uliokuwa ukilia kiunoni mwake, watu walimwita Mama Funguo, na wahadhiri wavivu waliupenda mlio huo, maana uliwaamsha kabla wakubwa hawajafika.

"Kwani hawajui Kitivo kilizaliwa lini?" alimuuliza katibu muhtasi, binti mwenye kucha ndefu na ulimi uliozizidi kucha.

"Mama, wanajua kila kitu duniani isipokuwa hilo. Faili la kuzaliwa limeliwa na mchwa."

"Si waniulize mimi? Nilikuwepo."

"Una sahihi?"

"Sahihi ya nini tena?"

"Ya kuwepo."

Hapo wifi akarudi kufagia, maana binti alikuwa amesema kweli. Juu ya lango la Kitivo, kwa rangi nyekundu, kuliandikwa kanuni kuu inayofundishwa pale tangu mwaka wa kwanza: KISICHO NA SAHIHI HAKIPO. Na msidhani ni pambo la ukutani. Watu wale waliishi kwayo.

Mwaka jana Ukumbi Namba Mbili ulivuja. Wifi akaenda kuomba ndoo. Akaulizwa: mvua imepokelewa na nani? Hakuna aliyekuwa ameipokea. Basi mvua haikuwepo, na ndoo haiwezi kutolewa kwa ajili ya kitu kisichokuwepo. Wanafunzi walifanya mtihani wao wakiwa wamelowa, ila kisheria walikuwa wakavu, na aliyepiga chafya alipunguziwa alama kwa kutoa taarifa isiyothibitishwa.

Tena kulikuwa na mhadhiri mmoja wa ukaguzi, mtu mpole, aliyefariki miaka minne iliyopita. Alizikwa, watu wakalia, lakini hakusaini kitabu cha kuondoka. Kwa hiyo bado alikuwa na ofisi, na sanduku la barua, na mwaka huu alipandishwa cheo kwa utulivu wake na kwa kutokuwa na malalamiko. Wifi alimfutia vumbi mezani kila Ijumaa, akimwambia maneno mawili matatu, maana walisikilizana tangu zamani.

Kanuni ile ilikuwa nzuri sana kwa kila mtu mpaka ilipomfikia wifi mwenyewe.

Alikuwa ametimiza miaka sitini. Kustaafu kulishapita miezi miwili nyuma. Na alikuwa na haraka. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa mji wa mbali, mwendo wa nusu siku kwa basi, ana mimba ya mapacha, daktari kamwamuru alale asisimame. Mumewe ni dereva wa malori. Wiki hii yuko huku, wiki ijayo yuko kule. Binti hakuwa na mtu mwingine. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na zote mbili mama yake alichelewa kufika kwa kukosa ruhusa. Safari hii alikuwa amemwahidi: "Nitakuwepo kabla hawajalia." Kilichobaki ni barua moja tu, ya kumruhusu aende.

Akaenda kuiomba kwa Mkuu wa Kitivo.

Mkuu wa Kitivo alikuwa profesa mnene mwenye feni mbili ofisini, moja ya kupuliza na moja ya akiba. Wanafunzi walimwita Mizania, kwa sababu akizungumza hunyoosha mikono yote miwili kama anapima kitu huku na huku. Alikuwa mdogo kwa wifi kwa miaka tisa, lakini shikamoo alikuwa haitoi mpaka iombwe kwa maandishi.

"Ndiyo, Mama Funguo," alisema bila kuinua macho.

"Habari za asubuhi, Profesa. Nimefuata ile barua yangu. Hii ni mara ya saba."

"Ya saba kwa mujibu wa nani?"

"Kwa mujibu wa miguu yangu."

Profesa akaweka kalamu chini. "Ulianza kazi lini?"

"Siku Kitivo kilipofunguliwa. Mlango nilifungua mimi."

"Hati ya kuanza kazi?"

"Mliichukua wenyewe mkaiweka kwenye faili. Si ndiyo hilo limeliwa na mchwa?"

"Mchwa walisaini?"

"Mchwa, Profesa?"

"Basi hawakula."

"Kama hawakula, barua yangu iko wapi?"

"Hapo sasa!" Mikono ikafunguka, kulia na kushoto. "Tusaidiane kufikiri, mama. Mtu asiye na hati ya kuanza, hajaanza. Na ambaye hajaanza, atamalizaje?"

"Kwa hiyo miaka thelathini na moja yote hii nimekuwa nafanya nini humu ndani?"

"Unasubiri kuanza."

Wifi akafikiri. "Kama sijaanza, basi kesho nisije."

"Kutokuja ni utoro. Na utoro una fomu."

"Profesa, mwanangu anajifungua."

"Hongera. Ana ushahidi?"

"Ana tumbo."

"Tumbo si hati," alisema Profesa kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Kisha akawasha feni ya akiba, ishara kwamba mazungumzo yamekwisha.

Wifi akatoka. Pale koridoni aliegemea ukuta kidogo, akafuta jasho kwa kitambaa cha kufutia meza. Katibu muhtasi akamkuta.

"Kasemaje?"

"Kasema sijaanza."

"Eh! Na uchovu huo ni wa nani?"

"Nao sijui kama umesainiwa."

Wakati huo Kamati ya Historia na Dhima ilikuwa ikikutana kila siku mara mbili. Maprofesa saba, na wifi ndiye aliyewapelekea chai, kwa hiyo hakuna neno lililompita. Dhima walianza nayo kwa sababu haihitaji tarehe. Iliwachukua vikao tisa. Vitano kati ya hivyo walibishana kama "kwa ubora" itangulie au "kwa weledi" itangulie, mpaka mmoja akatoka analia. Mwishowe wakaafikiana: "Kuhesabu kwa ubora kila kinachohesabika, na kusimamia kwa weledi kisichohesabika mpaka kihesabike." Wakapigiana makofi. Wifi naye alipiga, maana trei ilikuwa mezani na mikono haina kazi.

Historia ndiyo iliwashinda. Mmoja alipendekeza Kitivo kiwe na miaka themanini.

"Chuo chenyewe kina hamsini," mwenzake akamkumbusha. "Mtoto atamzidi mama yake?"

"Huo ndio ubora," alisema Profesa Mizania, na ikaandikwa kwamba hoja imepokelewa kwa heshima. Yeye mwenyewe alikuja pale miaka sita tu iliyopita, lakini kwenye rasimu ya Historia jina lake lilitokea mara kumi na nne, na cheo kipya: Mwasisi Mwendelezi. Aliyeuliza maana yake alitolewa kwenye Kamati.

Ila Jumanne ya wiki ya sherehe barua ikaja kutoka kwa Mgeni Rasmi, na mikono ya Profesa ikashuka. Mgeni Rasmi alikuwa Mkaguzi Mkuu wa Mali za Umma, mwanafunzi wa zamani wa Kitivo hichohicho, na tena yule aliyeiamini kanuni kuliko waliomfundisha. Aliandika kwa ufupi kwamba hatazindua tarehe isiyo na sahihi.

"Tumekwisha," alisema profesa mmoja, akachukua biskuti mbili za msiba.

Wifi alikuwa anamimina chai. Ndipo akakumbuka daftari.

Siku ya kufunguliwa Kitivo, miaka thelathini na moja nyuma, afisa mmoja alitumwa kuleta ufunguo wa jengo na Daftari la Makabidhiano. Alikuwa na haraka, gari linamsubiri linanguruma. Lakini maprofesa wa kwanza walikuwa nje juani, mpiga picha anawapanga. Kila mmoja alikuwa amepata nafasi ya mstari wa mbele kwa kusukumana, na kila mmoja alijua akitoka dakika moja tu kusaini, mwenzake ataingia. Wakaitwa mara tatu. Hakuna aliyegeuza shingo.

"Hakuna mtu humu ndani?" afisa alipiga kelele.

Kulikuwa na mtu. Alikuwa amepiga magoti anadeki sakafu ya saruji mpya. Akafuta mkono kwenye gauni, akaandika pale alipoonyeshwa. Afisa akamkabidhi ufunguo, akala kona. Daftari lile wifi alilifunga kwenye nailoni, akaliweka stoo, chini ya boksi la sabuni. Mchwa hawapendi sabuni. Kila mwaka alilitoa akalipangusa, maana aliambiwa alitunze, na hakuna aliyekuja kumwambia asilitunze.

"Hii ndiyo hati yangu," alijisemea kwa furaha. "Itaonyesha siku niliyoanza."

Akalipeleka ofisini. Profesa alilifungua kwa vidole viwili, na ghafla macho yakamtoka. Tarehe! Mwaka! Na kwa wino uliofifia kidogo: "Nimepokea Kitivo kimoja, kikiwa kizima." Na chini yake sahihi, imepinda imepinda.

"Tumepona!" alipiga meza. "Angalia mwandiko huu. Huyu ni mtu mzito, mwenye mambo mengi, hana muda wa kunyoosha herufi."

"Mkono ulikuwa umelowa," alisema wifi.

"Nani kakwambia?"

"Sahihi hiyo, Profesa, ni ya—"

"Ya Mwasisi! Soma hapa: Mpokeaji wa Kitivo." Tayari alikuwa ameshika simu. "Sanduku la kioo! Nataka sanduku la kioo kufikia Alhamisi!"

"Na barua yangu? Si unaona tarehe nilipo—"

"Mama Funguo, hii ni hati ya Kitivo. Si hati yako." Akamwonyesha mlango kwa kalamu. "Umefanya vizuri kuliokota. Ukipita, sema waniletee chai."

Wifi alikwenda kuileta mwenyewe. Angeagiza nani?

Alhamisi alfajiri simu ikalia. Ilikuwa ni binti yake, sauti imekwaruza.

"Mama, daktari anasema kesho asubuhi wananitoa watoto. Uko njiani?"

"Niko kazini, mwanangu."

"Si ulishastaafu?"

"Bado sijaanza."

"Mama!"

"Basi linaondoka saa sita mchana. Kula uji, lala, usiongee sana," alisema wifi, na yeye mwenyewe hakujua atalipataje basi hilo. Sherehe ilikuwa saa nne, na aliyeandikwa kubeba trei ya Mgeni Rasmi alikuwa yeye.

Saa nne kamili watu wote wakafurahi. Mkaguzi Mkuu alikuwa amefika dakika mbili kabla, akasimama nje ya lango mpaka zikaisha. Alikuwa mtu mwembamba aliyening'iniza kalamu shingoni kwa kamba. Akaketi. Profesa Mizania akahutubia muda mrefu, mikono ikipaa kulia na kushoto, akasimulia jinsi Kitivo kilivyotoka gizani kikaja mikononi mwake. Pazia likavutwa, jiwe likaonekana, na makofi yakapigwa kwa mujibu wa ratiba.

Mkaguzi Mkuu hakupiga. Alikuwa ameinama juu ya sanduku la kioo, miwani imegusa kioo.

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Ya Mwasisi wetu, Mheshimiwa," alisema Profesa. "Mtu mzito sana."

"Yuko wapi?"

"Historia... historia bado inamtafuta."

"Ni yangu hiyo," ilisikika sauti kutoka nyuma.

Watu wakageuka. Wifi alikuwa amesimama na trei yake. Profesa akacheka kicheko kifupi, cha kuombea samahani.

"Mheshimiwa, huyu ni mhudumu tu, hata kuanza bado haja—"

"Bi mkubwa, njoo," alisema Mkaguzi. Akavua kalamu shingoni, akampa na kipande cha karatasi. Wifi akaweka trei chini, akaandika. Imepinda imepinda, vilevile. Mkaguzi akalinganisha, akapumua.

"Ulipokea Kitivo?"

"Nilipokea. Wenyewe walikuwa wanapigwa picha."

"Ulimkabidhi nani baadaye?"

"Sijamkabidhi mtu. Hakuna aliyeomba."

Mkaguzi akamgeukia Profesa.

"Wewe ulikipokea Kitivo kwa nani?"

"Kwa aliyenitangulia."

"Alisaini?"

"Tulipeana mkono."

"Mkono," Mkaguzi akaandika. "Na yeye?"

"Nadhani naye walipeana mkono."

"Ninyi Wakuu wa Kitivo wanane, miaka thelathini na moja, mmekaa kwenye Kitivo cha huyu mama kwa kupeana mikono?" Hakupandisha sauti. Alifungua ukurasa wa pili wa daftari, akapitisha kidole. "Viti mia na kumi na viwili. Meza arobaini. Kengele moja. Ndoo mbili. Fagio. Simwoni Mkuu wa Kitivo humu." Akainua uso kuwatazama wanafunzi waliojaa nyuma. "Kitu kilichomo kwenye jengo na hakimo kwenye daftari, kinapelekwa wapi?"

Hilo walifundishwa wiki ya kwanza. Wakajibu kwa pamoja, kwa furaha ambayo safari hii haikuwa imeidhinishwa:

"Stoo!"

Profesa Mizania akawa mdogo ndani ya koti lake. Akamsogelea wifi, na kwa mara ya kwanza tangu aje pale, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Naomba... naomba unisaini na mimi. Mstari mmoja tu. Uandike kwamba nilifika."

"Una hati?"

"Mama, si unanijua! Umeniletea chai miaka sita!"

Wifi alimtazama kwa huruma ya kweli. "Chai si hati, mwanangu," alisema.

Kisha akamgeukia Mkaguzi, maana jua lilikuwa linapanda. "Mheshimiwa, mimi nina basi saa sita. Kuna mtu nilitakiwa kumwomba barua ya kuondoka."

"Umwombe nani? Mwenye dhamana ya Kitivo ni wewe. Jiandikie."

Wakamletea kiti, kile kirefu cha Profesa chenye magurudumu. Akaketi, akakivua kiatu kimoja kilichokuwa kinambana, akaandika hati nne na kuzisaini. Maprofesa wote walisimama wamefunga mikono kama watoto waliochelewa shule.

Ya kwanza: "Mvua ya Ukumbi Namba Mbili nimeipokea. Itolewe ndoo."

Ya pili aliiandika taratibu kuliko zote. Ilimhusu yule mhadhiri mpole wa ukaguzi. "Aliondoka miaka minne iliyopita. Mimi nilimwona akienda. Aachwe apumzike."

Ya tatu: "Mama Funguo ameanza, na amemaliza. Anakwenda kwa mwanawe."

Ya nne ndiyo ilikuwa ya makabidhiano. Alitazama ukumbini, akamwona katibu muhtasi amejibanza mlangoni, mkono mdomoni, kucha zote nje. Akamwita. Akafungua zile funguo kiunoni, akaziweka mezani, zikalia kwa mara ya mwisho, na wahadhiri wawili nyuma wakashtuka kutoka usingizini.

"Mama, mimi?" binti alinong'ona. "Nikipokea nafanya nini?"

"Fungua milango asubuhi. Na chai usiijaze sukari, hawa ni watoto wasiokua. Mengine utayaona mwenyewe."

Wifi akaandika "Nimekabidhi Kitivo kimoja, kikiwa", halafu kalamu ikasimama. Kile alichopokea kilikuwa kizima. Alipenda kusema kweli. Akaitazama Kamati, akalitazama jiwe, akamtazama Profesa aliyekuwa anasubiri kwa mdomo wazi. Akamalizia: "kama mnavyokiona."

Binti akasaini. Basi lilipatikana, dakika tatu kabla. Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyempeleka kituoni kwa gari lake, na njiani alimsainisha kwamba amepakiwa.

Mapacha walitolewa Ijumaa asubuhi, wa kike na wa kiume. Wifi alikuwa mlangoni kabla hawajalia, kama alivyoahidi. Wa kike alilia kwanza, kwa hasira, wa kiume akamfuatia kwa kuiga. Muuguzi akaleta karatasi, akasema bibi asaini hapa kwamba watoto wamepokelewa, wawili, wakiwa wazima. Wifi hakutaka kuulizwa mara mbili. Alisaini mbele, akasaini nyuma, akaomba na nakala. Kisha akaketi kwenye benchi la wodini, mmoja kila mkono, mama yao karibu yake akitabasamu kwa uchovu. Ulikuwa mchana mweupe wa siku ya kazi, saa nane kasoro, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja hakuwa na mlango wa kufunga. Muuguzi akawachukua watoto taratibu, akawalaza. Binti akalala. Watoto wakalala. Wifi naye akaegemeza kichwa ukutani, akalala papo hapo, kiatu kimoja kimevuliwa.

Huko kazini, Profesa Mizania alikuwa stoo tangu jana. Hakuna aliyemfungia. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na upepo ukiingia. Lakini hakuna kitu kinachotoka stoo bila sahihi, na kanuni hiyo ndogo aliitunga yeye mwenyewe mwaka juzi, kwa ajili ya mifagio. Walimfunga kadi mkononi yenye namba, akawekwa kati ya kabati bovu na boksi la sabuni. Maprofesa wa Kamati walikuwa wakipita koridoni mmoja mmoja, wanatazama pembeni. Mke wake alimletea mto. Mto ulipokelewa kwa sahihi, ukaingizwa kwenye daftari, kwa hiyo mto ulikuwepo kihalali. Kichwa kilichowekwa juu yake ndicho kilichokuwa na utata.

Katibu muhtasi alipita kumwona baada ya chakula cha mchana, funguo zikimlia kiunoni.

"Binti," alisema Profesa kwa sauti ya chini, "ile fomu yangu imefikia wapi?"

"Ipo, Profesa. Unahitajika ulete hati ya siku uliyoanza."

"Iko kwenye faili."

"Faili limeliwa na mchwa."

Profesa akafungua mdomo. Mikono yake ikainuka kidogo, wa kulia, wa kushoto, kama inatafuta kitu cha kupima. Ikakosa. Ikashuka mapajani. Binti akasubiri kwa adabu labda atasema neno, lakini kidevu kilikuwa kimeshazama kifuani, na pumzi zikaanza kukoroma polepole. Alikuwa amelala.

Katibu muhtasi alitazama saa, akafungua daftari, akaandika: "Profesa amelala, saa nane na dakika kumi." Akapiga mstari wa sahihi. Ila kanuni inataka anayelala asaini mwenyewe kwamba amelala, na alipomsogezea kalamu, hakuipokea. Kwa hiyo, kwa mujibu wa kumbukumbu za Kitivo, yuko macho mpaka leo.